Kidonge ni kilekile

Siku yangu ya pili kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kutundika koti, niliwekwa darasani masaa matatu kujifunza namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa. Mwalimu alijilaza sakafuni akajitikisa, sisi tukawa tunaelekezwa. Tazama saa. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimkandamize, usimtie chochote mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Zikipita dakika tano bado anatikisika, piga 999, na kama daktari wake ameagiza hivyo, mpe midazolamu, dawa ya kukatisha mitikisiko, kwa ndani ya shavu. Mwisho tukapewa cheti.

Nilitoka pale nikaingia chooni nikalia. Mdogo wangu ameanguka mbele ya macho yangu mara nisizoweza kuhesabu, na kitu pekee nilichokijua miaka yote ile ni kumpenyeza kijiko katikati ya meno. Jino lake moja la mbele limevunjika. Nililivunja mimi, nikidhani namwokoa asimeze ulimi, na kumbe ulimi haumezeki.

Mimi ni Mtanzania, mwaka wa sita huu nahudumia watu wenye ulemavu Uingereza. Jamaa wakiniuliza tofauti ya huku na nyumbani kwenye magonjwa ya ubongo, wanategemea niwasimulie mashine. Mashine zipo, sikatai. Lakini MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, hata kwetu ipo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili inapasua ubongo. Kilichonigusa mimi ni sanduku la dawa la mzee mmoja ninayemhudumia. Anameza fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akipewa mdogo wangu zahanati, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za ugonjwa huu.

Ila ya mzee haijakatika hata siku moja. Ya mdogo wangu ilikuwa wiki hii ipo, wiki ijayo "zimeisha, jaribu Jumatatu". Na fenobabitoni haiachwi ghafla: ukiikatisha, mitikisiko inaweza kurudi kwa nguvu, mmoja juu ya mwingine, mtu asizinduke katikati. Kovu la moto alilonalo mkono wa kushoto ni la wiki ya namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa inavyotakiwa. Kwa hiyo ugonjwa uko kwetu zaidi, dawa ya uhakika iko kwao zaidi.

Na uko kwetu zaidi kwa sababu zinazoeleweka. Mtoto anachelewa kutoka, anakosa hewa wakati wa kuzaliwa. Malaria inapanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo, mayai ya tegu wa nguruwe, ajali ya bodaboda bila kofia. Kule Mahenge, wilayani Ulanga, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alihudumia wagonjwa wengi wa kifafa na katika miaka ya 1960 akaandika habari za watoto waliokuwa wakiangusha vichwa kama wanaosinzia. Leo kifafa cha sehemu kama hizo kinahusishwa na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mito iendayo kasi, ingawa watafiti bado wanatafuta jinsi hasa ubongo unavyodhurika.

Cha mdogo wangu kilitanguliwa na degedege la malaria, akiwa na miaka miwili. Bibi alizuia asipelekwe hospitali usiku ule: mtoto wa degedege hachomwi sindano, atakufa. Zamani nilimlaumu sana. Siku hizi simlaumu. Alishaona watoto waliochomwa wakafa, na hakuna aliyekaa naye chini kumweleza kwamba wale walifikishwa hospitali wakiwa wameshachelewa.

Hapa ndipo watu hunijibu kwamba Wazungu wenzetu walishavuka mambo ya imani na aibu. Walivuka juzi! Sheria ya Uingereza iliruhusu ndoa fulani kubatilishwa kwa sababu ya kifafa mpaka ilipobadilishwa mwaka 1971. Marekani, hadi miaka ya 1970, ilikuwa halali kumnyima mwenye kifafa kuingia mgahawani au kwenye jumba la sinema. Aibu hii si ya Kiafrika. Wao waliiondoa kwenye vitabu vya sheria kwanza, na hata leo sina hakika kama imewatoka wote moyoni. Ila mgonjwa England anapata dawa zake bure, na anajua kwamba akikaa miezi kumi na miwili bila kuanguka anaweza kurudishiwa leseni ya gari dogo. Kwetu mdogo wangu alirudishwa nyumbani na shule, akaambiwa aje akipona.

Lakini kuna jambo huku linanitisha. Katika kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, takriban mmoja kwa mwaka hufa ghafla bila sababu nyingine kuonekana, mara nyingi usiku, usingizini. Anayelala peke yake yuko hatarini zaidi. Na huku watu wanalala peke yao jamani, nyumba nzima mtu mmoja. Wanawekewa kifaa chini ya godoro kinachopiga kelele kitanda kikitikisika. Mdogo wangu kifaa chake ni binamu yetu, analala naye chumba kimoja na usingizi wake ni mwepesi kama wa paka.

Ndiyo maana wanaoniambia "mlete huko apone" siwaelewi. Aje apone kwa kidonge gani? Mimi natuma hela inunuliwe dawa ya miezi mitatu mbele, basi. Hajaanguka tangu mwaka juzi.

Na lile darasa nimelihamishia nyumbani kwa simu ya video. Mama alilala mkekani akajitikisa, binamu akahesabu dakika, shangazi akahangaika na mto. Mama alivyozidisha mbwembwe za mitikisiko wote wakacheka, isipokuwa mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Miaka ishirini ya kuanguka, na yeye ndiye pekee katika nyumba ile ambaye hajawahi kuona.

"Kumbe ndivyo nafanyaga?" akauliza.

Mama akakaa kitako. "Wewe hufanyi sana hivi," akamwambia. "Mimi nimezidisha."