Uza Kwanza, Fomu ya Mkopo Isubiri

Kila mwezi unapoelekea ukingoni, hapa Tanga nasikia mazungumzo yale yale, iwe ofisini, iwe kwenye daladala za Pongwe. Mtu ana wazo la biashara ya mtandaoni, na kitu cha kwanza kinachomjia akilini ni mkopo wa mshahara. Mwalimu anataka kukopa alete mabaibui. Muuguzi anataka kukopa akachukue pochi za jumla Kariakoo. Fomu inasainiwa, makato yanaanza, halafu ndipo picha ya kwanza inapandishwa kwenye status. Deni la miaka kadhaa linaanza kulipwa kabla hata mtu mmoja hajauliza bei.

Mimi nasema mwenye mshahara hana sababu ya kukopa ili ajue kama wazo lake lina wateja. Mshahara unampa kitu ambacho mwenye duka la Ngamiani, anayetegemea mauzo ya leo kwa chakula cha usiku, hana. Anaweza kujaribu kitu kidogo, kikakataa, na watoto wakala vilevile. Siku anaposaini mkopo, nafasi hiyo anaifuta kwa mkono wake. Kwa watumishi wa umma kuna utaratibu kwamba makato yasimwache mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara. Nawajua wengi wanaoishi pale pale kwenye theluthi. Mtu aliyebanwa hivyo hajaribu tena, anasukumwa. Atauza kwa bei ya hasara ili apate hela ya leo, na biashara ikikwama atakimbilia mikopo ya kausha damu au ya kwenye simu. Na huko kwenye simu tumeonywa: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni.

Wazee wetu watasema mshika mawili moja humponyoka. Nawaheshimu, lakini katika jambo hili ushahidi uko upande wa mshika mawili. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Joseph Raffiee na Jie Feng, walichapisha utafiti uliofuatilia Wamarekani walioanzisha biashara. Waliogundulika kuanza huku bado wameajiriwa, kisha wakaacha kazi baadaye, walikuwa na uwezekano wa kufunga biashara ulio pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko wale walioacha kazi moja kwa moja. Marekani si Tanga, sawa, lakini sababu inaeleweka popote. Aliye na mshahara anaweza kungoja mpaka aone dalili za kweli. Wazo bovu analitupa mapema, bila mtu kujua, bila kuuza kiwanja.

Hata kampuni ambazo leo tunaziona milima zilianza hivyo. Pierre Omidyar alikuwa mwajiriwa wa kampuni nyingine huko California alipotengeneza, mwaka 1995, tovuti ya mnada iliyokuja kuwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha leza kilichovunjika, kikaenda kwa dola 14.83. Kazi hakuacha siku hiyo. Aliacha mwaka 1996, baada ya mapato ya mnada kuupita mshahara wake. Mwaka 1999 naye Nick Swinmurn alitaka kujua kama watu watanunua viatu mtandaoni bila kuvijaribu. Hakununua kontena la viatu. Alipiga picha viatu vya maduka ya jirani, akaziweka mtandaoni, na oda ilipoingia alikwenda dukani akanunua jozi hiyo kwa bei ya kawaida, akaituma. Ndiyo Zappos hiyo, duka kubwa la viatu la mtandaoni.

Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo na Wamarekani. Winga wa Kariakoo hana duka wala stoo. Ana mdomo, miguu na makubaliano na wenye maduka. Tofauti ya leo ni kwamba mfanyakazi wa Tanga anaweza kuwa winga jioni, kwa simu yake. Nenda kwa mwenye duka barabara ya kumi au ya kumi na mbili, mwombe ruhusa upige picha mashuka yake, mkubaliane bei yako na yake. Ukiuza, unalichukua shuka. Usipouza, umepoteza jioni chache na bando. Stoo iliyojaa mabaibui yasiyotoka ni kilio cha aina nyingine kabisa.

Sasa, jaribio ni nini hasa? Hapa naona tunajidanganya. Mtu anapandisha picha, anapata laiki, shangazi anaandika "hongera mwanangu, Mungu akufungulie", wafanyakazi wenzake watatu wanamuungisha kwa heshima, basi anasema biashara imekubali. Kuungishwa ni jambo zuri, ni utu wetu, na mimi nawaungisha wenzangu. Lakini hakukuambii chochote kuhusu biashara. Shangazi ananunua mara moja kwa sababu ni shangazi. Jibu la kweli ni hela inayotoka kwa mtu asiyekujua, anayekaa Sahare au Mbagala, ambaye hana haya na wewe wala hadaiwi fadhila. Na jibu la kweli zaidi ni huyo huyo akirudi.

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Dada, hizo pakiti za viungo bei gani?"

"Shilingi 6,000 kaka. Mzigo unatoka Jumamosi. Nusu unatanguliza."

Halafu kimya.

Wengi kimya hicho kinawaumiza, wanaanza kumbembeleza mteja, wanashusha bei mpaka faida inaisha. Mimi naona kimya hicho ndicho ulichokitafuta. Kiandike. Wakiuliza bei watu ishirini na wote wakanyamaza, huenda bei imewashinda. Wasipouliza kabisa, bidhaa yenyewe haijawagusa. Wakiuliza "unapatikana wapi?" kabla ya kitu kingine, wanaogopa utapeli. Hayo ni matatizo matatu tofauti na kila moja lina dawa yake. Kwa sababu hiyo hiyo nachukia tabia ya kuandika "bei inbox". Ukificha bei, hutajua kama waliokimbia wamekimbia bei au wamekimbia usumbufu wa kuuliza.

Hofu ya utapeli ni ya haki, watu wameumizwa sana. Ndiyo maana nashauri jaribio lianzie hapa hapa mjini, Chumbageni, Makorora, Raskazone, Mikanjuni, bodaboda apeleke na mteja alipe akishapokea. Wa mikoani aje baadaye. Huyo atangulize nusu kwa lipa namba inayoonyesha jina lako, na nusu ya pili aimalizie ukishamtumia picha ya risiti ya ofisi ya vifurushi pale stendi ya Kange, kabla hajaenda kuuchukua mzigo Mbezi kwenye stendi ya Magufuli. Nauli ya mzigo iwe juu yake, na ajue hivyo tangu mwanzo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: mshahara huo huo unaokulinda ndio unaoficha hasara. Biashara ya mtu asiye na ajira ikila mtaji, inakufa ndani ya wiki chache na mwenyewe anajua. Ya mwajiriwa inaweza kuugua miaka. Tarehe ya mshahara ikifika anaiongezea damu, anaona inapumua, anaendelea kuiita biashara. Bando ananunua kwa hela ya nyumbani. Nauli anatoa mfukoni. Vifungashio alinunua zamani, havihesabu. Ukimuuliza anakwambia anapata faida, na anaamini kabisa.

Tuseme unauza viungo vya pilau, na sisi watu wa Tanga tuna bahati ya kuwa karibu na Muheza na milima ya Amani, kunakotoka iliki, mdalasini na pilipili manga. Pakiti unaiuza 6,000. Viungo vyenyewe vimekugharimu 3,000, kifungashio na lebo 600. Unaona 2,400 imebaki, unafurahi. Lakini bodaboda kwenda Kange na kurudi ni 4,000. Ukipeleka pakiti moja, umepata hasara ya 1,600. Ukipeleka kumi kwa safari moja, kila pakiti inabeba 400 na mkononi unabaki na 20,000. Toa bando la 4,000, inabaki 16,000. Sasa jiulize ulitumia saa ngapi kuchambua, kupima, kufunga, kujibu watu. Zikiwa nane, umejilipa 2,000 kwa saa. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbaya, utaamua mwenyewe, lakini angalau sasa unaamua kwa namba. Na umejua jambo ambalo hakuna semina ingekuambia, kwamba biashara hii haiwezekani bila kukusanya oda na kutuma mara moja kwa wiki.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la jaribio liwe peke yake, na laini ya kupokelea hela iwe yake peke yake pia, isichanganyike na ya ada za watoto. Tenga kiasi ambacho kikipotea chote utasikitika bila kulala njaa, na weka tarehe ya mwisho. Kikiisha kabla ya tarehe, hakiongezwi kutoka kwenye mshahara. Najua ni sharti gumu. Ndilo linalofanya jaribio liwe na jibu.

Daftari nalisisitiza la karatasi kwa sababu nyingine. Mei 12, 2024, nyaya za baharini zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba nchi nzima, na wauzaji ambao wateja wao wote walikuwa Instagram hawakuwa na pa kuwapata. Mwenye namba za wateja wake aliendelea kupiga simu na kutuma meseji.

Muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki. Saa hizo ni za mwajiri, zote. Sikubaliani kabisa na ule ujanja wa kujibu oda chini ya meza, kuchapa lebo kwa printa ya ofisi, au kuwageuza wateja wa ofisi kuwa wako. Ni dhuluma, na pia ni njia ya haraka ya kupoteza huo mshahara unaokupa uhuru wa kujaribu. Usome mkataba wako pia, kuna waajiri wanaotaka uwajulishe. WhatsApp ya biashara ni ya bure na inajijibu yenyewe ukiipanga. Iambie iseme kwamba oda zinajibiwa kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mteja wa kweli anangoja. Na mwenzio nyumbani akubali saa hizo kabla hujazitangaza kwa wateja, maana ni zake pia.

Kama unaniuliza uanze na nini, jibu langu ni ujuzi kabla ya bidhaa. Mhasibu anaweza kuwawekea vikundi vya kina mama hesabu zao za kikoba. Anayejua kompyuta anaweza kuwasaidia vijana kuandaa wasifu wa kazi na maombi yao ya ajira. Mwalimu wa hesabu anaweza kufundisha kwa simu watoto wa Korogwe na Lushoto usiku. Hakuna stoo, hakuna kinachooza. Cha kula, hata vile viungo vya mfano wangu, kinakuja mwisho kwenye orodha yangu, ingawa kina soko: chakula kilichofungashwa kinataka taratibu za TBS, shirika la viwango, na si haki kumjaribia mtu tumboni mwake. Anayekitaka apite kwanza ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, akapate mafunzo. Namba ya mlipakodi, TIN, haina malipo, kwa hiyo jaribio likionyesha uhai usikawie kwenda TRA, halafu usajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA. Ila kusajili jina na kutengeneza nembo kabla ya mauzo ya kwanza naona ni kupanga harusi bila mchumba.

Baada ya hapo watu huuliza, niache kazi lini? Sheria hiyo hiyo ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28. Wengi tunaimalizia misibani na kwenye harusi za ndugu. Kama jaribio lako limekwenda vizuri kwa miezi kadhaa ya jioni na Jumamosi, itoe likizo moja uifanye biashara kutwa nzima, kama mtu asiye na kazi nyingine. Usichague mwezi wa Ramadhani wala msimu wa sikukuu, kila kitu kinauzika wakati huo. Chagua mwezi mkavu, kama Februari au Machi ikiwa Ramadhani haijaangukia hapo, shule zimeshakula hela za watu. Ukiona mauzo yameongezeka kwa kadiri ya saa ulizoongeza, basi kilichokuwa kinakuzuia ni muda, na hapo hata afisa mikopo nitakuambia nenda kamwone, ukiwa na daftari lako mkononi. Ukiona mauzo yamebaki pale pale ingawa uko macho simuni tangu alfajiri, basi hiyo ni biashara ya jioni. Iache iwe ya jioni, ilipe ada na umeme, na Jumatatu ripoti kazini.