Mradi ukae fungu gani? Tuitazame Alphabet

Agosti 2015 Google ilitangaza kujipanga upya chini ya kampuni mama, Alphabet. Biashara zilizokwisha kukomaa, kama matangazo, YouTube na Android, zilibaki Google. Magari yanayojiendesha, utafiti wa uzee wa Calico na vifaa vya nyumbani vya Nest vikawekwa fungu moja, Other Bets, yaani madau mengine. Gari na utafiti wa uzee havina udugu wowote. Vilikutanishwa na umri na hatari: kesho yao haikujulikana.

Mpangilio huo ulifichua jambo. Hesabu za 2015 zilionyesha fungu hilo limeingiza dola milioni 448 na kupata hasara ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 3.6. Kabla ya hapo hasara hiyo ilimezwa na faida ya matangazo. Mwanahisa akaweza kuuliza. Hata hivyo, ndani ya fungu lenyewe giza lilibaki, kwani hesabu hazikusema Waymo, yaani yale magari yanayojiendesha, ilikula kiasi gani na Verily, kampuni ya afya, kiasi gani. Loon, maputo ya intaneti yaliyofika hadi anga la Kenya, ilifungwa 2021 kwa sababu ya gharama, na sisi wa nje hatukuwahi kuona mizania yake peke yake.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kutenganisha wanaohitajiana. Nest ilikuwa ikitengeneza kamera na vidhibiti joto huku Google ikiuza spika za nyumba hiyohiyo. Februari 2018 ikarudishwa Google. DeepMind, maabara ya akili bandia, nayo ilitolewa kwenye fungu hilo mwaka 2023, kazi yake ikiwa imeshaingia kila kona ya kampuni.

Wapo wanaosema dawa ni kuubandika mradi mmoja lebo nyingi: bidhaa, hatari, soko, teknolojia. Kwa kutoa taarifa, sawa kabisa. Programu za siku hizi hufanya hivyo bila shida. Ila bajeti haigawiki kirahisi kama lebo. Mradi wenye mabosi wawili hukaa mwezi mzima ukingoja sahihi ya yule mwingine. Afadhali fungu moja la pesa, na sharti la kulihama liandikwe siku mradi unapoingia.

Sharti hilo halionekani kwa Waymo. Inabeba abiria wanaolipa nauli Phoenix na San Francisco, lakini kwenye hesabu bado ni dau.