Ukweli Kuhusu Kikoi Changu Kule Nice

Kwa kuwa shemeji yangu ameshaifikisha habari hii katika kundi la familia, na kwa kuwa tangu Jumamosi usiku ninapokea pole kutoka Unguja, Muscat na Toronto kana kwamba nimefiwa, nimeona ni haki yangu kueleza kwa kalamu yangu mwenyewe kilichonipata. Shemeji ameandika kwamba mzinga ulipolia niliinua mikono yote miwili na kusalimu amri mbele ya taifa la Ufaransa. Huo ni uzushi. Mikono sikuiinua. Niliifumbua tu, na hilo, kama mtakavyoona, ndilo lililoleta balaa. Laiti ningeiinua huku nimeifumba, leo nisingekuwa na la kuandika.

Mnaonifuata hapa mnazijua sifa zangu, kwa sababu nimezitangaza mwenyewe. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, niliyejifunza kuogelea kwa kurukia majini kutoka ukutani Forodhani kabla sijajua kusoma. Basi nilipofika Marseille kumtembelea dada yangu, na mumewe, ambaye ni mmoja wa Wangazija wengi wa mji ule, akaniuliza kwa upole kama nina uzoefu wa bahari za huko, nilimcheka mpaka wali ukanipalia. Nilimjibu mbele ya mashahidi wawili: "Shemeji, mimi na bahari tumenyonya ziwa moja." Sentensi hiyo sasa ndiyo iliyowekwa kuwa jina la kundi la familia.

Jumamosi alfajiri tulipanda treni, na baada ya saa mbili na nusu hivi za kutazama pwani, miamba myekundu na majahazi ya matajiri, tukateremka Nice. Mji wenyewe siwezi kuutia dosari. Kando ya bahari ipo barabara ya matembezi yenye urefu wa kilomita 7 hivi, inayoitwa Promenade des Anglais kwa sababu walioanza kuitengeneza, katika miaka ya 1820, walikuwa Waingereza wenye fedha waliokuja kuikimbia baridi ya kwao. Juu yake kuna viti vya buluu ambavyo yeyote anaweza kukaa bila kudaiwa senti, jambo ambalo shemeji alilirudia mara nyingi kuliko ilivyolazimu, na mkabala wa bahari imesimama hoteli ya Negresco, yenye kuba la waridi, iliyofunguliwa mwaka 1913, ambayo mabawabu wake wamevaa vizuri kuliko nilivyovaa mimi siku ya harusi yangu. Niliposikia kwamba mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, nilimkumbusha shemeji kwamba Mji Mkongwe uliingia mwaka 2000, na kwamba kwa hesabu hiyo mimi ndiye mkubwa na Nice ndiyo inayopaswa kuniamkia. Shemeji alitabasamu, akatazama saa yake. Wakati huo sikulitilia maanani, lakini nakuombeni mlikumbuke hilo la saa.

Tulitembea hadi mwisho wa mashariki wa ghuba, chini ya mlima unaoitwa Mlima wa Ngome. Niliuliza ngome iko wapi, nikaambiwa hakuna, kwani Mfalme Louis XIV aliamuru ibomolewe mwaka 1706 na leo kuna bustani tu. Nilifarijika. Mahali pasipo ngome hapana askari, na pasipo askari hapana mizinga. Hiyo ndiyo mantiki niliyokuwa nayo, na mpaka sasa sioni kosa lake.

Ufuko wa pale, ndugu zangu, hauna mchanga. Una mawe ya kijivu, ya mviringo, laini, yenye ukubwa kuanzia wa kungumanga hadi wa mbatata, na jua likiyapiga yanakuwa kama vigae vya kukaangia. Watu wazima wenye akili zao walikuwa wamelala juu ya mawe hayo kwa starehe zote, na wengine, katika sehemu za kukodi, walikuwa wamelipa zaidi ya euro 20 ili walazwe juu ya godoro lililolazwa juu ya mawe hayo hayo. Mimi nilishika kiuno, nikayatazama maji kwa jicho la mtaalamu, nikamwambia shemeji kwamba tusiwe na haraka: maji yakikupwa, mchanga utatokea kwa mbele.

"Hapa maji hayakupwi, shemeji," aliniambia.

Nilimhurumia. Nilidhani ni mtu aliyekaa mjini muda mrefu akasahau bahari. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita 4, mashua hukaa kavu mchangani, na kina mama huenda kwa miguu hadi mbali kuchokoa pweza. Iweje bahari nyingine ikae tu kama maji ya beseni? Nikakaa juu ya mawe, nikangoja. Nilingoja saa nzima, wafuasi wangu, nikiwa nimechagua jiwe moja la alama ukingoni kama nilivyofundishwa na wazee, na kila nilipolitazama lilikuwa palepale, limelowa vilevile. Baadaye nimekuja kuelewa kwamba Mediterania ni bahari iliyofungwa, haina mlango wa maana isipokuwa ule mwembamba wa Gibraltar, na kwa hiyo kupwa na kujaa kwake ni jambo la sentimita chache ambalo wenyeji hawalitaji hata kwenye mazungumzo. Shemeji hakunisumbua. Alikuwa akila zabibu na kutazama saa.

Sehemu ya kuogelea nitaipita haraka kwa sababu hapo nilifanya vizuri na kwa hiyo haina maslahi kwenu. Tatizo lilikuwa kutoka. Ufuko ule umeinama kama paa, maji yanakuwa ya kina baada ya hatua chache, na kila wimbi linaporudi linayavuta mawe yaliyo chini ya nyayo zako kwa kishindo cha gunia la mbaazi linalomwagwa. Nilisimama nikaanguka. Nilisimama tena, nikaenda hatua mbili za heshima, nikaanguka kwa upande mwingine. Mara ya nne niliona ni busara kutambaa, na nilipokuwa nikipanda kwa magoti na viganja, kama kobe wa Changuu, mtoto wa miaka sita hivi aliyevaa viatu vya plastiki alinipita akiwa amebeba ndoo, akageuka, akanitazama kwa muda, kisha akaniachia njia.

Nilipofika juu, shemeji alikuwa ameshasimama. Alinishauri, kwa sauti ya mtu anayekujali, nibadilishe nguo palepale kabla sijapata mafua. "Sasa hivi," alisema. "Dakika hii hii."

Sasa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo uzushi ulipoanzia na ndipo ninapotaka kila mtu aelewe mpangilio wa viungo vyangu.

Nilikuwa nimevaa fulana ya harusi ya binamu yangu, iliyoandikwa "Hongereni" mgongoni, saizi kubwa kuliko yangu kwa sababu ndizo zilizobaki. Kiunoni nilikuwa nimefunga kikoi. Sihitaji kuwaeleza watu wa pwani kikoi ni nini: ni nguo, ni shuka, ni taulo, na kwa mwanamume anayejua kukifunga ni chumba kamili chenye mlango na komeo. Ila kikoi hiki kilikuwa kipya, hakijaingia maji hata mara moja, kina ule ulaini wa dukani unaofanya fundo liteleze, na ndiyo maana fundo nililishikilia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya chumba hicho, ukiteremsha bukta iliyolowa, ambayo ilikuwa imefika magotini na kukataa kuendelea. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa juu ya mbatata.

Ilikuwa saa sita kamili.

Sauti ile sikuisikia kwa masikio. Niliisikia kifuani, kama mtu aliyepigwa na mlango. Ilitoka juu ya mlima, ikaenda baharini, ikarudi ikapiga majumba, ikanipitia mara ya pili. Njiwa wote wa Nice waliruka kwa pamoja. Mnapaswa kujua pia kwamba ghuba ile jina lake ni Baie des Anges, yaani Ghuba ya Malaika, na kwamba asubuhi nzima shemeji alikuwa amenitajia jina hilo. Kwa hiyo akili yangu haikupoteza muda kutafuta ni malaika gani. Ni Israfili. Ameshapuliza. Nami nimekutwa na bukta magotini.

Hapo ndipo mikono ilipofumbuka. Yote miwili, nakiri, na kwa wakati mmoja, lakini ilifumbukia chini, haikwenda juu. Na kama mnadhani fundo la kikoi kipya huanguka tu mguuni kwa adabu, basi hamjafika Rauba Capeu. Ndilo jina la ile kona chini ya mlima, na kwa lugha ya asili ya Nice maana yake ni "mwizi wa kofia", kutokana na upepo wake. Mimi kofia sikuwa nayo. Upepo ulitazama nilichonacho. Kikoi kilijaa kama tanga la ngalawa, kikapaa juu ya kichwa changu, na nilikiona kwa uwazi wa ajabu, mistari yake ya manjano na buluu ikipita mbele ya jua, nami nikafikiri, kwa utulivu ambao siwezi kuueleza, kwamba ni kikoi kizuri sana. Kisha nililala kifudifudi juu ya mawe, mikono kisogoni, nikatoa shahada kwa sauti ambayo, kwa mujibu wa shemeji, ilisikika hadi barabarani.

Fulana ya binamu, Mwenyezi Mungu ambariki na ndoa yake, ilifika pale ilipofika. "Hongereni" ilikuwa juu kabisa, inasomeka vizuri. Naongeza, kwa kuwa shemeji amelificha, kwamba juu ya kona ile kuna maandishi makubwa ya kuupenda mji, ambapo wageni hupanga foleni ili wapigwe picha. Mimi sasa nimo katika picha za watu wa mataifa mengi, kwa nyuma, chini kidogo upande wa kushoto.

Kikafuata kimya, na katika kimya hicho nikasikia mtu akimenya kitu. Nikafungua jicho moja. Hakuna mwingine aliyelala kifudifudi. Mwanamke mmoja alikuwa akimenya pichi. Mzee mmoja alikuwa akirekebisha saa yake ya mkononi kwa uangalifu. Na shemeji yangu, ambaye anajua siku zote kwamba Nice hulipua saa sita mchana kila siku, alikuwa amekaa chini juu ya begi langu akilia machozi.

Kikoi kilikuwa kimemfunika miguu ajuza mmoja, wa miaka 80 kwa makisio yangu, aliyekuwa akisoma gazeti. Alikikusanya, akaikunja miwani yake, akaja juu ya mawe yale kwa hatua imara kama mbuzi, akanifunika kuanzia kichwani, kama anavyofunikwa maiti, na kusema maneno mawili tu: "C'est midi." Shemeji, ambaye hakuweza kusimama, alitafsiri kutoka alipokuwa: "Anasema ni saa sita."

Yaliyobaki ni mafupi. Nilivaa. Nilinunua viatu vya plastiki kama vya yule mtoto, ambavyo havikuwa na kazi tena. Tulikula socca, ambayo ni mkate mwembamba wa unga wa dengu, mtamu, na hapo ndipo nilipoelezwa kisa chote: kwamba inasimuliwa jinsi mwanajeshi mstaafu wa Kiskoti, aliyekuja Nice katika miaka ya 1860 kukimbia baridi, alivyochoka kungoja chakula cha mchana huku mkewe akipiga soga barabarani, akaomba mzinga upigwe saa sita ili bibi ajue muda wa kurudi nyumbani, na mji ukaupenda mtindo huo. Siku hizi si mzinga hata kidogo. Ni fataki. Mimi niliyenyonya ziwa moja na bahari nimelazwa chini na fataki, kwa sababu ya mchuzi wa Mskoti. Shemeji amependekeza turudi tarehe 1 Aprili, kwa kuwa siku hiyo huilipua saa tano kwa ajili ya mzaha, na anataka kuona kama nitakuwa nimejiandaa.

Tuliporudi Marseille kundi lilikuwa limeshajaa. Shangazi ameuliza kama nilipelekwa hospitali. Baba mkwe wangu, ambaye huandika katika kundi lile mara mbili kwa mwaka, siku za Idi, ameandika "Pole", na hajaongeza neno.

Wanaouliza kuhusu kikoi, kimepona. Kilikuwa kipya kwa sababu ni zawadi niliyombebea shemeji kutoka Darajani, na nilikuwa nimekiazima siku moja tu kabla ya kumkabidhi. Amekataa kukipokea. Anasema hawezi kuvaa kitu ambacho Nice nzima imeshakiona kikipita.