Heshima ya Bantam ni ya DKW

Wapenzi wa pikipiki za zamani wakianza kubishana ni ipi ndogo iliyoacha alama kubwa, hachelewi mtu kuitaja BSA Bantam ya Uingereza. Mimi sikubali. Bantam ni mtoto tu. Mzazi ni DKW RT 125, iliyotoka Zschopau, Ujerumani, mwaka 1939.

Mhandisi wake alikuwa Hermann Weber. Kwa macho haikuwa na makuu: cc 123, gia tatu, nguvu za farasi zisizofika 5. Utamu ulikuwa ndani ya silinda. Injini nyingi za enzi zile za kuchanganya petroli na oili zilikuwa na pistoni yenye nundu kichwani, ya kuzuia mchanganyiko mpya usitoroke pamoja na moshi. DKW ikafuata ubunifu wa mhandisi Mjerumani Adolf Schnürle: matundu ya silinda yakaelekezwa kimshazari, mchanganyiko ukawa unaingia kwa kuzunguka na kuusukuma moshi nje. Nundu haikuhitajika tena. Pistoni ikawa bapa, nyepesi, na isiyopata joto kupita kiasi.

Vita vilipokwisha, michoro hiyo ikawa ngawira. Wasovieti walihamisha mitambo pamoja na Weber mwenyewe, akafia huko mwaka 1948. Moskva M-1A yao ilikuwa imeshatoka 1946. Harley-Davidson nao wakatengeneza ya kwao (ndiyo, Harley hao hao wa injini za kutikisa madirisha). BSA waliigeuza injini kama inavyoonekana kwenye kioo, ili gia ikae mguu wa kulia walikoizoea Waingereza, wakaiingiza sokoni mwaka 1948.

Kuiga siwalaumu. Ninachowalaumu BSA ni kubweteka. Mwaka 1955 Yamaha, waliotoka kwenye kutengeneza vinanda, walianza na YA-1, nayo ni RT 125 mtupu kwa umbo, lakini wao waliipa gia nne. Mwaka huo huo ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Bantam ilianza kupata gia ya nne 1966! Miaka yote hiyo BSA waliongeza ukubwa wa injini, wakabadilisha rangi na tangi, wakaendelea kuuza jina. Mwaka 1971 wakaacha kuitengeneza, wakati Yamaha walishakuwa wakichukua ubingwa wa dunia kwa injini za aina ile ile ya kuchanganya oili.