Goti la upande mmoja, usiku

Nimesoma makala moja kuhusu saratani ya mifupa; mwandishi kaeleza vizuri aina zake, ila maumivu ya usiku kayapitia kwa sentensi moja tu, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Mpwa wangu alianza kulalamika goti akiwa na miaka 15. Tukasema ni mpira, mara urefu unamjia. Kumbe maumivu ya kukua kwa kawaida hushika miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia kama hakuna kitu. Yake yaling'ang'ania goti la kushoto na kumwamsha saa nane usiku. Mama yake alishtuka siku alipomwona na kaptura: goti moja limejaa, hata kile kishimo cha pembeni hakionekani. Ilikuwa osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe. Hii huwapata zaidi vijana wanaorefuka, na hupenda karibu na goti. Terry Fox, yule Mkanada aliyeugua osteosakoma hiyo hiyo na kukimbia na mguu wa bandia mwaka 1980, naye alivumilia goti mpaka msimu wa mpira wa kikapu ukaisha.

Sakoma ya Ewing, saratani nyingine ya mifupa, inaweza kuja na homa, watu wakadhani ni maambukizi. Kondrosakoma, saratani ya gegedu (ile tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye maungio), ni zaidi ya watu wazima. Na mtu mzima aliyewahi kuugua saratani ya titi au tezi dume akianza kuumwa mgongo mfululizo, amkumbushe daktari historia hiyo, maana huenda imesambaa hadi mfupani. Sisi tulimchua mpwa wangu kwa dawa ya misuli wiki sita kabla ya kuomba eksirei.