Kabla ya kura kulikuwa na madoa ya wino

Kila unapozuka mjadala wa kama mapenzi ya jinsia moja ni ugonjwa wa akili, na mtu akakumbusha kwamba madaktari wa Marekani waliyaondoa kwenye orodha ya magonjwa hayo, huwa nasubiri mwingine aseme: "Hao madaktari wa Marekani walipiga kura tu. Tangu lini ugonjwa ukaondolewa kwa kura?" Nakiri swali hilo lina nguvu, na lilinikwamisha kwa muda mrefu. Malaria haipigiwi kura. Ila anayeuliza hivyo amelirukia swali la kwanza: ugonjwa wenyewe uliingiaje kwenye orodha?

Uliingia mwaka 1952, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipochapisha mwongozo wake wa kwanza wa kutambua magonjwa hayo. Mapenzi ya jinsia moja yaliwekwa kwenye kundi la kasoro za hulka. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa watu waliokuja kliniki wakiwa wameelemewa na huzuni, au walioletwa kutoka jela. Daktari akimwona mtu wa namna hiyo analia, anaandika kwamba watu wa namna hiyo ni wa kulia. Wale waliokuwa kazini, wanalipa kodi ya nyumba na kulala usingizi wao, hakukutana nao. Wangekwenda kwake kufanya nini?

Aliyeliona pengo hilo ni Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Los Angeles. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuwa shoga na rafiki wa nyumbani kwake, alimsihi awachunguze watu kama yeye. Hooker akatafuta wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, wasiokuwa kwenye matibabu, akawalinganisha kwa umri, elimu na uwezo wa akili. Akawapa majaribio ya kisaikolojia, likiwemo lile la kutazama madoa ya wino na kueleza unachokiona. Kisha akawapelekea mabingwa majibu bila majina: nani ni nani hapa? Bruno Klopfer, aliyeheshimika kuliko wengi kwa kusoma madoa hayo, alikuwa mmoja wao. Hawakuweza kuwatofautisha. Katika kila kundi, theluthi mbili walionekana wazima wa kawaida au zaidi ya hapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1957, miaka 16 kabla ya hiyo kura.

Sisi Waafrika tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa habari hii. Nairobi, katika hospitali ya Mathari, alifanya kazi daktari wa kikoloni aitwaye J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Naye alikuwa amewatazama wagonjwa wa wodini na wafungwa, akauhukumu umma mzima. Leo hakuna Mkenya atakayekubali kipimo kile. Basi kwa nini tukikubali kwa wengine?

Ni kweli, kulikuwa na shinikizo. Wanaharakati kama Frank Kameny na Barbara Gittings waliivamia mikutano ya madaktari kuanzia 1970. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na madaktari hawa walikuwa hawajawahi kumsikiliza aliyekilalia. Mwaka 1972, mjini Dallas, walimsikia. Alipanda jukwaani mtu amevaa barakoa na wigi, suti imempwaya, kipaza sauti kikiibadili sauti yake, akasema yeye ni shoga na ni daktari wa magonjwa ya akili. Alikuwa John Fryer, ambaye tayari alikuwa amepoteza nafasi ya mafunzo ya udaktari kwa sababu hiyo. Alijitaja hadharani miaka 22 baadaye.

Desemba 15, 1973 bodi ya chama ilipiga kura kuyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa. Waliopinga wakadai kura ya wanachama wote, ikapigwa 1974: 5,854 waliunga mkono uamuzi wa bodi, 3,810 wakaukataa. Hata hivyo madaktari walibakiza kwenye orodha kipengele cha wale "wanaosumbuliwa" na hali yao. Kwangu huo ulikuwa woga. Unamsimanga mtu miaka yote, kisha masumbuko yake unayaita ugonjwa wake! Masalia ya kipengele hicho yalifutwa 1987, na Shirika la Afya Duniani likafuata Mei 17, 1990.

Mwaka jana shangazi yangu aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini ni hospitali gani inatibu "ile hali" ya kijana wake. Alikuwa tayari kuuza kiwanja. Nikamuuliza kijana anaendeleaje. Akasema hali chakula, halali, hazungumzi na baba yake tangu siku ile alipopigwa.

"Shangazi," nikamwambia, "kukosa usingizi na kutokula, hayo ni ya daktari, mpeleke hata kesho. Hilo lingine halina dawa kwa sababu si ugonjwa. Na mzee aambiwe asimguse tena."

Alinyamaza kitambo, akifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha akauliza, "Sasa nikifika nyumbani nianze kusema na nani, na mtoto au na baba yake?"