Mchanganyiko Wako Unatoka kwenye Hesabu za Mpinzani

Nadharia ya michezo, yaani hesabu za uamuzi pale ambapo matokeo yako yanategemea pia uamuzi wa mwenzako, hufundishwa vibaya pale hasa inapoanza kunoga. Mwanafunzi wa uchumi akifika kwenye michezo isiyo na jibu moja, ile inayomlazimu kila mchezaji kuchanganya mbinu zake, hupewa njia ya mkato: andika milinganyo miwili, ifanye iwe sawa, tafuta p, yaani sehemu ya mara ambazo mchezaji atumie mbinu moja badala ya nyingine. Anaipata p, na alama zake anazipata. Muulize sasa kwa nini p ya mchezaji wa kwanza imetokana na faida na hasara za mchezaji wa pili. Anakutazama tu. Hilo linaniuma, kwa sababu jibu la swali hilo ndiyo nadharia yenyewe. Yaliyobaki ni kujumlisha na kugawanya.

Mimi ningeanzia kwenye penalti. Vijana wanapenda mpira, lakini si hiyo sababu yangu kubwa. Penalti ni mchezo wa watu wawili ambao anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake. Mpira uliopigwa kwa nguvu hufika golini kutoka mita 11 kabla nusu sekunde haijaisha, kwa hiyo kipa anayesubiri aone umeelekea wapi ameshachelewa. Mpigaji na kipa huamua karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja bila kujua mwenzake ameamua nini. Kisha wanarudia mchezo uleule msimu baada ya msimu, na matokeo yanaandikwa.

Mchumi Ignacio Palacios-Huerta alizikusanya rekodi hizo. Mwaka 2003 alichapisha uchambuzi wa penalti 1,417 zilizopigwa kati ya 1995 na 2000, nyingi zikiwa za ligi za Hispania, Italia na Uingereza. Kila mpigaji ana upande wake mwepesi: anayetumia mguu wa kulia, upande huo ni kushoto kwake, kwa kuwa mguu unazunguka kuelekea huko wenyewe. Upande wa pili tuuite mgumu. Mpigaji akienda upande mgumu na kipa akaruka hukohuko, goli hupatikana mara 58.3 katika kila 100. Kipa akipotea, yaani akiruka upande mwingine, ni 95.0. Mpigaji akienda upande mwepesi na kipa akamfuata, ni 69.9, kipa akipotea, 92.9. Hata golini kusipokuwa na mtu upande ule, penalti kadhaa hutoka nje, hugonga mwamba au hupaa juu ya mtambaa panya.

Tazama namba hizo nne uone kwa nini hakuna upande ulio bora siku zote. Mpigaji akizoea upande mwepesi, kipa atahamia huko na magoli yatashuka kutoka 92.9 hadi 69.9. Akihamia upande mgumu moja kwa moja, kipa atamfuata na hali itakuwa mbaya zaidi. Lazima achanganye. Swali ni kwa kiasi gani.

Hapa ndipo ningemtaka mwalimu asimame na asiwe na haraka. Mpigaji akienda upande mgumu, uamuzi wa kipa una uzito wa pointi 36.7, yaani magoli 36.7 katika kila penalti 100, tofauti kati ya 95.0 na 58.3. Akienda upande mwepesi, uamuzi wa kipa una uzito wa pointi 23.0. Kipa ana hamu zaidi ya kupatia upande mgumu, kwa sababu huko ndiko kupatia kunakolipa. Mpigaji anatakiwa agawe mipira yake mpaka hamu hiyo iishe, kipa afike mahali ambapo kuruka kushoto na kuruka kulia kunampa matokeo yaleyale. Upande wenye uzito wa 36.7 upate mipira michache, wenye uzito wa 23.0 upate mingi, hadi mipira mara uzito ilingane pande zote mbili. Gawanya 23.0 kwa jumla ya zote mbili, 59.7, unapata asilimia 38.5 kwa upande mgumu. Zinazobaki, 61.5, ziende upande mwepesi.

Umeona tulichofanya? Tumetafuta mgawo wa mpigaji, lakini swali tulilouliza muda wote lilikuwa: kipa anapata nini? Mgawo wa kipa nao unatafutwa kwa kuuliza mpigaji anapata nini. Kipa akiruka upande mgumu, uamuzi wa mpigaji una uzito wa 34.6 (92.9 kutoa 58.3), akiruka upande mwepesi, 25.1 (95.0 kutoa 69.9). Gawanya 25.1 kwa 59.7: kipa aende upande mgumu mara 42 katika 100. Wote wawili wakicheza hivyo, penalti huingia kwa karibu asilimia 79.6, na hakuna anayeweza kujiongezea chochote kwa kubadili mbinu peke yake.

Na uwanjani je? Wapigaji wa Palacios-Huerta walikwenda upande mgumu kwa asilimia 40.0, makipa kwa asilimia 42.3. Nilipoziona namba hizi kwa mara ya kwanza nilizirudia kwenye karatasi, maana sikutegemea hesabu ya darasani ikae karibu hivyo na miguu ya watu. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba mchezo wa aina hii lazima uwe na suluhisho, na John Nash akapanua wazo hilo mwaka 1950 kwa wachezaji wengi na masilahi yasiyopingana kabisa.

Lakini kinachonifanya niandike makala haya ni kitu kingine, ambacho njia ya mkato hukificha kabisa. Chukua mpigaji anayeufanyia mazoezi upande wake mgumu. Alenge vizuri kiasi kwamba kipa akipotea, goli linapatikana mara 99 badala ya 95. Huko upande mgumu amekuwa bora. Je, aupige zaidi?

Watu wengi, makocha wakiwemo, watajibu ndiyo. Fanya hesabu. Uzito wa uamuzi wa kipa upande ule umepanda kutoka 36.7 hadi 40.7, kwa sababu kupotea sasa kunamgharimu zaidi. Gawanya 23.0 kwa 63.7: asilimia 36.1. Mpigaji ameboresha upande mgumu na anatakiwa autumie kidogo kuliko zamani! Hata hivyo magoli yake yameongezeka, kutoka 79.6 hadi 80.4. Faida inakuja kwa njia ya mzunguko: kipa, akijua hatari ya upande ule, analazimika kuruka huko karibu mara 46 badala ya 42, na upande mwepesi unabaki wazi zaidi.

Sasa badili mazoezi. Badala ya kulenga vizuri, apige kwa nguvu upande mgumu, hivyo hata kipa akipatia, goli linapatikana mara 70 badala ya 58.3. Uzito wa uamuzi wa kipa unashuka hadi 25.0 na mpigaji anatakiwa aende huko mara 48 katika 100. Upande ni uleule na mazoezi ni ya upande uleule, ila majibu yanakwenda kinyume. Mwanafunzi aliyekariri kanuni atapata namba zote mbili bila kugundua kwamba kuna jambo la kushangaza.

Kuna wanaosema wachezaji hawapigi hesabu, kwa hiyo haya ni mapambo ya wasomi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchezaji hahitaji kuandika mlinganyo ikiwa wapinzani wanamwadhibu kila anapokengeuka. Mwaka 2006 robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Argentina ilifika kwenye matuta, na kipa Jens Lehmann alikuwa na kikaratasi chenye majina ya wapigaji na pande wanazozipenda. Alipangua mbili, Ujerumani ikasonga mbele. Ukiwa na mazoea, kuna mtu ameshayaandika.

Kuchanganya kwenyewe ni kazi ngumu. Mwambie mtu ataje kushoto na kulia bila mpangilio, atabadilisha upande mara nyingi mno, kwa sababu anaogopa kurudia. Wachezaji wa Palacios-Huerta hawakuwa na tatizo hilo. Upande wa penalti iliyopita haukusaidia kutabiri inayofuata.

Na hesabu hizi zimeshatoka viwanjani. Tangu 2007 uwanja wa ndege wa Los Angeles ulitumia programu ya kompyuta ya kundi la mtafiti Milind Tambe kupanga vituo vya ukaguzi na mbwa wa doria kwa mgawo usiotabirika. Mwaka 2014 programu ya aina hiyo ilijaribiwa kwa doria za kuwazuia majangili katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Mchezo wa hifadhini ni tofauti kidogo, kwa kuwa jangili anaweza kuzitazama doria kwa wiki kadhaa kabla hajaweka mtego, lakini swali ni lilelile: askari wagawanyweje ili jangili asipate sehemu ya kupendelea? Ningefurahi kuona vyuo vyetu vya wanyamapori vikifundisha hilo kwa namba za hifadhi zetu wenyewe.

Kwa wanafunzi wa uchumi, pendekezo langu ni dogo na halina gharama. Kila darasa lichukue video za penalti za ligi yake na kuandika mambo matatu kwa kila moja: mpigaji alikwenda upande gani, kipa aliruka wapi, mpira uliingia au la. Wa mguu wa kushoto wageuziwe pande ili wahesabiwe pamoja na wenzao. Za katikati ziwekwe kando kwanza. Penalti za msimu mmoja hazitatosha kupata zile namba nne (mgumu au mwepesi, kipa amepatia au amepotea) kwa uhakika, kwa hiyo darasa la mwaka huu liliachie la mwakani daftari lake.